Mahali pa filta na kipoza oili: shajara ya kufunga Mazda 13B kwenye RV-7

Ndege ni RV-7 ya viti viwili, ninayoijenga kwenye hanga la kupanga kusini mwa Minneapolis. Injini ni Mazda 13B iliyotoka kwenye gari la RX-7 la 1989, ya aina inayoitwa "rotari", yenye rota mbili (vipande vya pembetatu vinavyozunguka badala ya pistoni) za sentimita za ujazo 654 kila moja. Mabawa na mkia hutayakuta humu, maana wengine wameshayaandika vya kutosha. Nitaandika oili tu: inapita wapi, inachujwa wapi, inapoozwa wapi, na mimi nilikosea wapi. Nilipokuwa natafuta msaada nilikuta picha nyingi za injini zinazong'aa na watu wachache wa kusema nini kilivuja.

Jina la "rotari" lisikuchanganye. Siongelei zile injini za Vita Kuu ya Kwanza kama Gnome, ambazo silinda zenyewe zilizunguka pamoja na propela. Zile zilikunywa mafuta ya nyonyo, yakapita mara moja na kutemwa nje, mengine usoni mwa rubani. Kipoza hazikuwa nacho. Kuna siku humu ndani utaona niliwaonea wivu.

14 Septemba 2023: njia ya oili, kabla sijakata chochote

Kwenye 13B, pampu huvuta oili kutoka sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuisukuma nje ya injini hadi kwenye kipoza. Oili inarudi kupitia bamba la nyuma, inapanda kwenye kiti cha filta kilicho juu ya bamba hilo, inachujwa, ndipo inaingia kwenye beringi, shafti na rota. Pampu, kipoza, filta, beringi. Nimeyaandika maneno hayo manne ukutani kwa kalamu nene.

Oili ya injini hii ina kazi mbili. Maji yanazunguka kwenye nyumba za rota peke yake, hayafiki kwenye rota. Rota inapoozwa na oili inayorushwa tumboni mwake kupitia jeti zilizo kwenye shafti, na takriban theluthi ya joto linaloondolewa na mfumo mzima wa kupoza hupitia humo. Ukifunga kipoza kidogo, geji ya maji itakuchekea tu, huku raba za ringi za oili kwenye rota zinakakamaa kama plastiki. Kikomo changu: oili inayoingia injini isizidi 99 °C.

Kwenye gari, mbele ni mbele. Kwangu giaboksi ya kupunguza mizunguko (2.85 kwa 1) imefungwa upande wa flaiwili, kwa hiyo injini imegeuka: "nyuma" ya Mazda inatazama propela, na "mbele" yenye pampu inatazama ukuta wa moto, yaani bati linalotenganisha injini na rubani. Humu nitatumia mbele na nyuma za Mazda, la sivyo tutapotea wote.

Nimenunua kipoza cha RX-7 kwenye yadi ya magari mabovu, dola 45. Nimekiosha kwa mafuta ya taa na kukipuliza kwa kompresa. Mafuta yaliyotoka yalionekana masafi. Kumbuka sentensi hiyo.

19 Novemba 2023: filta imegonga boneti

Nimejaribisha boneti ya faibaglasi. Kiti cha filta na filta yake vimepita mstari wa boneti kwa milimita 31, na mahali penyewe ni karibu na propela ambapo boneti inashuka. Kuweka nundu kwenye boneti kungekuwa rahisi kuliko yote, lakini niliona ni aibu. Nikaamua kuihamishia filta kwenye ukuta wa moto, kwa kiti cha pembeni na hosi mbili.

Hapo ndipo nilipoanza kujidai mjanja. Pampu iko upande wa ukuta wa moto, na oili ya kwenda kwenye kipoza inatokea hapohapo. Nikiiweka filta kati ya pampu na kipoza, hosi ni ya sentimita 35 tu. Nikifuata mpangilio wa Mazda, hosi zinakwenda hadi upande wa propela na kurudi, karibu mita moja na nusu za ziada, na kila kona ina kifungio chake. Nikatazama yale maneno manne ukutani, nikajiambia oili ni ileile, itachujwa tu.

Pale juu kilipokuwa kiti cha zamani nikaweka kibati cha alumini. Kwa anayeniiga: kibati hicho lazima kiwe na mfereji unaounganisha matundu mawili ya bamba. Changu cha kwanza kilikuwa bapa kabisa. Nilikuwa nimeshakikaza bolti zote kabla sijatambua kwamba nimeziba njia pekee ya oili kwenda kwenye beringi.

Gharama ya kosa hili, mbali na aibu: kiti cha pembeni dola 68, hosi na vifungio 214.

20 Januari 2024: kuwasha mara ya kwanza

Nje ilikuwa 11 chini ya sifuri, ndani ya hanga 4 juu yake. Oili 20W-50, nzito kama asali. Injini ilishika mara ya tatu. Presha ya oili kwenye geji ilikaa kwenye bar 5, imetulia, nikaanza kutabasamu. Sekunde kama kumi na mbili baadaye ukuta wa moto wote ulikuwa umelowa. Gasketi ya filta ilikuwa imesukumwa nje, ikaning'inia kama ulimi wa mbwa. Lita mbili sakafuni.

Nilidhani filta ni mbovu. Nikanunua ya bei zaidi, nikanunua na hita ya kupasha sampu (dola 96), na kweli haikuvuja tena. Lakini nilitibu homa nikaacha ugonjwa. Vali inayotawala presha ya oili imo kwenye bamba la nyuma, baada ya kipoza. Kila kilicho kabla yake kinabeba presha ya pampu yenyewe, na kinachokilinda ni ile vali ya usalama ya mbele tu, ambayo hufunguka kwa presha kubwa zaidi. Oili ikiwa nzito na kipoza kikiwa chembamba, pale nilipoiweka filta ndipo penye msukumo mkali kuliko pote. Geji ilisema bar 5 kwa sababu nayo ilikuwa upande wa salama.

Haya yote nayaelewa leo. Siku ile niliandika kwenye daftari: "filta mbaya, imebadilishwa, sawa."

7 Aprili 2024: inachemsha, lakini kipoza ni cha baridi

Theluji imeondoka, nimeanza kukimbiza injini kwa muda mrefu nje, ndege imefungwa kamba. Kipoza nilikiweka nyuma ya rejeta, kikipumua hewa ambayo rejeta imeshaipasha moto. Ni tamaa ya kuokoa nafasi, na sina mengi ya kusema.

Injini ikiunguruma taratibu, joto la oili halikuambii lolote. Jeti za shafti zina vali ndogo ambazo hazifunguki mpaka presha itoshe, kwa hiyo kwa mizunguko ya chini rota zinapata oili kidogo sana. Nilipopandisha hadi 5,000 kwa dakika, sindano ilianza kupanda kama mtu anayekimbilia basi. Baada ya dakika sita: 112 °C. Nikazima.

Nilikwenda kushika kipoza nikitegemea kuungua. Kilikuwa vuguvugu. Nilichukua vipimajoto viwili (dola 31 vyote), kimoja kwenye oili inayoingia kipoza na kingine inayotoka, nikarudia. Tofauti ilikuwa nyuzi 4 tu. Kama hewa ndiyo ingekuwa tatizo peke yake, kipoza kingekuwa cha moto kama pasi. Oili haikuwa inapita ndani yake. Kipoza cha RX-7 kina vali ya joto ya ndani: oili ikiwa ya baridi inakatisha pembeni, ikipata moto vali inafunga njia hiyo na oili inalazimika kupita kwenye mirija. Yangu ilikuwa imekwama wazi.

Nilifungua kizibo nikaitoa. Kwenye kiti cha vali kulikuwa na vipande vya chuma, vyembamba, vinavyometa, kama magamba ya dagaa. Injini iliyokuwa na kipoza hiki kabla yangu ilikufa kifo cha beringi, na mabaki yake yalijificha kwenye mirija ambamo mafuta yangu ya taa na kompresa havikufika.

9 Aprili 2024: mjomba

Nilimtumia mjomba picha kwa WhatsApp. Aliendesha gereji mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa miaka mingi, na ndiye aliyenifundisha kushika spana. Sikumwuliza kitu, nilitaka tu aone vile vyuma. Akanipigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hii picha ya pili, hili bomba linatoka kwenye chujio linakwenda wapi?"

"Kwenye kipoza, mjomba."

"Halafu?"

"Halafu kwenye injini."

Akanyamaza kidogo. "Mpwa wangu, chai huchujwa inapomiminwa kikombeni. Wewe umeichuja ikiwa bado sufuriani, ukaitia tena kwenye birika lenye majani."

Nilikaa kwenye ndoo ya oili kwa muda. Kwa mpangilio wa Mazda, takataka za kipoza zingeishia kwenye filta. Kwa mpangilio wangu, kati ya kipoza kichafu na beringi hapakuwa na kitu chochote.

27 Aprili – 15 Juni 2024: kufungua injini

Gia ya nyuma isiyozunguka inaweza kutolewa bila kufungua injini nzima, na beringi kuu ya nyuma imo humo. Niliitoa kwanza, nikiomba. Ilikuwa na michirizi mitatu inayoshika ukucha. Beringi za ndani ya rota huwezi kuziona bila kutenganisha kila kitu, na kwa nusu siku nilijaribu kujishawishi kwamba hizo zitakuwa nzima. Jirani yangu wa hanga, mzee wa miaka 78 aliyekwisha jenga ndege mbili, alisema maneno machache: gari likizima unaegesha pembeni ya barabara. Nikafungua.

Beringi moja ya rota ilikuwa na mikwaruzo, nyingine nzima. Nimebadilisha zote nne, pamoja na raba na sili zote laini. Shafti ilisafishwa na fundi wa mashine akasema ipo ndani ya vipimo. Jumla: dola 1,130 na Jumamosi saba. Hosi zote zilizokuwa baada ya kipoza nimezitupa, hata zile za wiki chache. Kipoza nimekikata kwa msumeno, kisije kikamdanganya mwingine.

28 Julai 2024

Nimerudi kutoka Oshkosh, kwenye maonyesho ya ndege. Nilizungumza na watu watatu wanaorusha 13B. Wawili wana nundu kwenye boneti.

22 Septemba 2024: filta imelala

Filta inarudi nyumbani kwake. Nimechonga bonge la alumini ya 6061 linalokaa mahali pa kiti cha zamani na kuigeuza filta ilale kwa ubavu, ikielekea upande wa plagi. Upande huo ndio salama, kwa sababu kwenye 13B ekzosi na manifoldi ya hewa viko pamoja upande mwingine. Ukifungua filta, oili kidogo inamwagika, lakini haimwagikii bomba la moto. Nafasi hadi boneti: milimita 22. Hakuna hosi hata moja.

Alumini dola 54, kuchongewa 160. Mfereji wa O-ringi (pete ya raba ya kuzuia kuvuja) niliuchimba mwenyewe, ukawa na kina zaidi kwa sehemu tatu za kumi za milimita, ukavuja. Kwa haraka nikaupaka silikoni nyekundu ili nijaribu injini jioni ileile. Usifanye hivyo. Wiki iliyofuata nilisawazisha uso wa bonge upya, nikakwangua silikoni yote, au nilidhani ni yote, nikaweka O-ringi inavyotakiwa.

Filta za gari hazina nati ya kufungia waya wa usalama kama za ndege. Mimi navisha klampu ya hosi kwenye tumbo la filta na kufunga waya kutoka kwenye skurubu yake hadi kwenye bolti ya bonge, ukivuta upande wa kukaza.

Novemba 2024 – Februari 2025: kipoza kipya na njia ya hewa yake

Kipoza kipya kabisa cha safu 34, dola 189. Kinakaa chini ya injini na mdomo wake wa hewa peke yake, kando na rejeta. Matundu ya oili yametazama juu. Mwanzoni niliyageuza chini kwa sababu hosi zingekuwa nzuri kutazama, lakini hewa ilinaswa sehemu ya juu na presha ilichelewa kupanda kila nilipowasha.

Kipoza kimeshikwa kwenye mabomba ya fremu ya injini kwa vikombe vya raba, hakijashikwa kwenye injini yenyewe. Hosi moja iligusana na bomba la fremu, na baada ya saa mbili za majaribio ule waya wa nje wa hosi ulikuwa umekula bomba kama tupa. Nilidhani hosi ndiyo ingeumia. Sasa kila hosi ina klampu yenye raba na soksi ya kuzuia moto juu yake. Hosi na vifungio: dola 241.

Njia ya hewa ndiyo iliyonila muda. Uso wa kipoza ni sentimita za mraba 858, mdomo wa kuingizia hewa 240. Kazi ya hiyo njia ni kuipunguza hewa kasi polepole ili presha yake ipande kabla ya kufika kwenye kipoza. Nilikuwa na sentimita 19 tu za urefu, nikachora kuta zilizonyooka kutoka mdomoni hadi usoni. Niliweka dirisha la plastiki, nikabandika nyuzi za sufi ndani, nikapuliza kwa mashine ya kupulizia majani. Nyuzi za kona moja zilisimama sawasawa. Nyingine zote zilicheza ngoma, nyingine zikitazama zilikotoka. Hewa ilikuwa imebanduka ukutani, inapita kona moja ya kipoza na kuzipuuza tatu.

Manometa yangu, yaani kipima presha ya hewa, ni mrija wa plastiki wenye maji ya rosela yanayoonekana vizuri. Kona nne zilisoma milimita 9, 3, 2 na 1. Nilitengeneza kuta upya kwa povu na faibaglasi: mwanzo unaenda taratibu karibu bila kupanuka, halafu unapanuka ghafla karibu na uso wa kipoza kama mdomo wa tarumbeta, na kibati kimoja katikati cha kugawa hewa. Sasa: 6, 5, 5, 4. Faibaglasi na resini dola 112, na suruali moja.

18 Mei 2025: imeruka

Mkaguzi alipita mwanzoni mwa mwezi, nikapewa saa 40 za majaribio, kwa kuwa injini haina cheti cha ndege. Leo dakika 14 juu ya kiwanja. Nje 17 °C. Oili inayoingia injini ilifika 91 ikipanda, ikashuka hadi 79 nilipolaza. Maji hayakuvuka 88. Sikumbuki mengine.

22 Juni 2025: siku ya joto

Nje 31 °C. Nikipanda kwa kilomita 185 kwa saa, oili ilifika 104. Nikapunguza moto, nikalaza pua, ikarudi 90 ndani ya dakika tatu.

Kupanda ndiko kunakoumiza: nguvu yote ya injini, hewa kidogo. Kwa mwendo huo presha yote ambayo hewa inaweza kukupa ni kama sentimita 16 na nusu za maji. Ukienda 296 unapata 42. Kwa hiyo wakati wa kupanda huna cha kupoteza, na mimi nilikuwa napoteza: manometa, niliyoining'iniza kando ya kiti, ilisoma 8 mbele ya kipoza.

Nilimulika tochi mdomoni mwa boneti na kukuta mwanya wa milimita 13 kati ya boneti na njia ya hewa. Sponji niliyoweka hapo ilikuwa imekunjwa ndani na upepo. Nusu ya hewa ilikuwa inaingia chini ya boneti na kupandisha presha upande wa kutokea, yaani ilikuwa inakipiga kipoza kwa mikono miwili. Nimeweka ukanda wa raba ya silikoni, umeinama kuelekea upepo unakotoka ili ubanwe, usikunjwe. Dola 18.

13 Julai 2025

Nje 32. Kupanda uleule: sentimita 13 mbele ya kipoza, oili 96. Tofauti kati ya kuingia na kutoka kwenye kipoza ni nyuzi 19. Kumbuka ile 4 ya mwaka jana.

24 Agosti 2025: saa 11.4 za kuruka

Njia ya oili peke yake, pamoja na makosa yote, imenigharimu dola 2,358. Ukiacha gharama ya kufungua injini, vitu vilivyobaki ndani ya ndege leo havifiki nusu ya hizo.

Leo nimebadilisha oili na kuikata filta kwa kikata filta cha kuazima kwa mzee jirani. Tuliitandaza karatasi juu ya meza, mkunjo kwa mkunjo, na sumaku mkononi. Sumaku haikushika kitu. Kwenye mkunjo wa tisa mzee alinyanyua kwa ncha ya kisu kipande kimoja chekundu cha silikoni, ukubwa wa punje ya mtama.